Pumu ya ngozi: namna ya kupaka mafuta mpaka yafanye kazi kweli

Haipiti wiki hapa kaunta bila mtu kuja na maneno yaleyale, "nimempaka sana mafuta lakini bado anajikuna, naomba ya nguvu zaidi". Namuuliza sana ndo kiasi gani, ananionyesha kikopo cha gramu 50 ambacho ana mwezi wa pili nacho na bado kimebaki nusu. Sasa hapo hamna mafuta ya nguvu zaidi ntakayompa, aliyonayo yako sawa kabisa, ila hayajapakwa. Kwahiyo naandika yote hapa mara moja, nikiulizwa tena namtumia mtu asome mwenyewe kwa nafasi yake.

Hii ni ya ngozi kavu inayowasha, inayovimba na kupasuka. Yaani pumu ya ngozi yenyewe (wengine mnaita ekzema), mikono ya watu wanaoshinda kwenye maji na sabuni kama wasusi na mama lishe, na ile miguu ya wazee inayokauka kwenye muundi mpaka inachanika. Mwenye soriasisi naye mafuta yanamsaidia kulainisha magamba. Ila tuelewane, mafuta ni msingi tu, ngozi ikishachachamaa utahitaji na dawa ya hospitali juu yake, nimeielezea kwenye hatua ya 9.

Kwanza hakikisha ndo yenyewe

Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu kama wa kwenye picha za mtandaoni, mara nyingi hutauona. Utakachoona ni sehemu imekuwa nyeusi zaidi, au ya kijivu, au inaelekea zambarau, kuna vipele vidogovidogo, ngozi imekuwa nene na ngumu kwa kujikuna. Inapenda kukaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na kwa wachanga mashavuni.

Kama ni baka la mviringo, ukingo umeinuka na katikati kama pamepona, kaangaliwe fangasi. Kama kuwasha kunazidi usiku, vipele viko katikati ya vidole na kiunoni, na wengine hapo nyumbani nao wanajikuna, hiyo inaelekea ni upele, ule wa kuambukizana, unatibiwa nyumba nzima kwa siku moja na hata upake mafuta debe zima hautaondoka.

Nadharia sitaki iwe ndefu. Ngozi ya mwenye pumu ya ngozi ni kama mtungi wenye ufa, maji yaliyo ndani yanatoka na vitu vya kuichokoza vinaingia. Ndo maana kumnywesha mtoto maji mengi peke yake hakuponyi, unajaza mtungi huku unavuja. Mafuta yanaziba ule ufa kwa saa kadhaa tu halafu yanaisha kwenye nguo, kwenye shuka, kwenye jasho, inabidi uzibe tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kilainishi cha kupaka na kuacha mwilini, kopo kubwa, la gramu 500 kama lipo. Vikopo vidogo ni ghali ukipiga hesabu na vinakufanya upake kwa uchoyo.
- Kitu cha kuogea badala ya sabuni.
- Kijiko safi na kisahani.
- Taulo laini, au kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa mara nyingi naipendelea kuliko taulo.
- Kikatia kucha.
- Nguo za kulalia za pamba ambazo hutaona uchungu zikilowa mafuta.
- Kikopo kidogo chenye mfuniko cha kubeba kazini au shuleni.
- Tyubu ya dawa uliyoandikiwa na daktari, kama unayo.

Mafuta yapi sasa?

Hili ndo swali namba moja na jibu lake linawaudhi watu. Uingereza walitoa utafiti 2022, watoto 550 wenye pumu ya ngozi wakagawanywa kwenye makundi manne, kuna waliopaka losheni, kuna krimu, kuna jeli na kuna mafuta mazito, wakafuatiliwa, na hamna kundi lililoshinda lenzake. Kwahiyo mafuta mazuri ni yale utakayoyapaka kweli kila siku, ambayo mfuko wako unayamudu na mtoto hayakimbii. Ukinunua krimu ya bei mbaya ukaipaka kwa kuinyunyiza ka chumvi umepoteza hela.

Mafuta ya mgando ya kawaida, yale meupe yasiyo na harufu, yanatosha kabisa kuanzia. Hayana maji ndani yake kwahiyo kwa kawaida hayawekewi kemikali ya kuzuia yasiharibike, na hayachomi sana kwenye ngozi iliyochubuka. Kinachowaponza watu ni kununua mgando wa rangi ya waridi wenye manukato kwasababu kopo limechorwa mtoto anacheka. Manukato ni moja ya vitu vinavyoichokoza hii ngozi, na picha ya mtoto kwenye kopo haithibitishi chochote.

Hali ya hewa nayo iangalie. Uko Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, mwezi wa kwanza, joto na unyevu, ukimjaza mtoto mafuta mazito mchana jasho linakwama na anawashwa zaidi, hapo tumia krimu mchana na mgando usiku. Uko Njombe, Makete, Arusha, Limuru, mwezi wa sita mpaka wa nane, baridi na upepo, mafuta mazito hata mchana poa tu.

Mengine ninayoulizwa, harakaharaka:

Neno parafini kwenye lebo lisikutishe, sio mafuta ya taa. Ni mafuta yaliyosafishwa kwa ajili ya dawa, na mgando wenyewe ndo hayohayo. Na kinyume chake pia, mafuta ya taa ya kwenye jiko usimpake mtu kwenye ngozi hata uambiwe na nani.

Emalsifaying ointimenti, ile nzito nyeupe inayouzwa famasi kwenye kopo, ni mchanganyiko wa mgando asilimia 50, parafini ya maji asilimia 20 na nta maalum asilimia 30. Ile nta inaifanya ishikane na maji, ndo maana ni nzuri sana kuogea. Kupaka na kuiacha wengine wanaivumilia, wengine inawachoma.

Akwiasi krimu, ile nyepesi ya bei rahisi, aina nyingi zina sodiamu laurili salfeti, kemikali ya kusafishia ileile ya kwenye shampuu. Kuogea na kusuuza sawa. Kuipaka na kuiacha hapana, wengi inawachoma na kuzidi kuwakausha.

Mafuta ya zeituni yanapendwa sana ila kwenye ngozi hii yameonekana kudhoofisha ile kinga ya juu, achana nayo. Mafuta ya nazi safi, yasiyochanganywa na manukato, wapo yanaowafaa, jaribu kidogo kwanza. Mafuta ya karanga na samli usipake kwenye ngozi iliyochanika, chakula kinachopita kwenye ngozi mbovu kinaweza kuufundisha mwili kukikataa, ukaja kuzaa mzio.

Krimu zenye yurea (kemikali ya kulainisha ngozi ngumu) ni nzuri kwa visigino na miguu iliyokomaa ya mtu mzima. Kwa mtoto mwenye michubuko zinawaka, atalia na kesho ukishika kopo tu anakimbia.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu kidogo kwanza. Paka mafuta mapya sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono, asubuhi na jioni, siku tatu mpaka wiki. Yakichoma kidogo dakika mbili tatu za mwanzo kwenye ngozi iliyochubuka ni kawaida. Yakileta vipele au kuvimba, badili. Watu wanaruka hii hatua, wanapaka mwili mzima siku ya kwanza, mtoto anaumuka wote.

2. Kata kucha ziwe fupi, za mtoto na zako wewe unayempaka. Nawa mikono.

3. Oga maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi. Sio ya moto. Najua maji ya moto yanakuna vizuri mtu akiwashwa, raha yake haielezeki, lakini yanaondoa hata yale mafuta machache ngozi iliyokuwa nayo na baada ya nusu saa unawashwa mara mbili. Usitumie sabuni ya mche, wala sabuni za dawa, wala ile kumimina kifuniko cha dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni, hiyo tabia imekuwa kama ibada kwenye nyumba nyingi na kwa ngozi hii inachoma tu. Dodoki na jiwe weka mbali kabisa.

Badala ya sabuni, chukua emalsifaying ointimenti kijiko kikubwa kimoja, weka kwenye bakuli, mimina maji ya moto kidogo, koroga kwa uma mpaka iwe ka maziwa mazito, iache ipoe. Hiyo ndo unampaka mwilini kwa mkono halafu unasuuza. Haitoi povu na watu wanadhani hawajatakata, mmetakata, povu sio usafi. Sakafu itateleza, kwahiyo mshike mtoto, na mkimaliza mwagia maji ya moto na sabuni pale chini kabla bibi hajaingia.

Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvichumvi ambayo sabuni haipigi povu, na unapata hata ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, tumia hiyo kusuuzia mwisho.

4. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Acha ngozi na unyevu kidogo.

5. Paka ndani ya dakika tatu hivi tangu utoke kuoga, ngozi ikiwa bado na ubichi. Hii ndo hatua ambayo ukiibadilisha peke yake utaona tofauti. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo, sasa ukishakauka na feni umevaa na nguo, unafungia nini? Kwahiyo kopo liingie nalo chumba cha kuogea au likae mlangoni kabisa.

6. Chota kwa kijiko, weka kwenye kisahani, tumia ya kisahani. Usitumbukize vidole kwenye kopo. Vidole vilivyotoka kukuna vinaingiza vijidudu, na kopo kubwa linakaa wiki, unajikuta kila siku unajipaka vijidudu vyako mwenyewe. Kilichobaki kisahani usikirudishe. Kopo la mgando likiwa gumu kwa baridi liweke ndani ya beseni la maji ya moto ulainike, usiweke jikoni.

7. Weka vitone vitone mguu mzima, mkono mzima, halafu vuta taratibu kuelekea chini, kufuata vinyweleo vinavyolala. Usipake kwa kuzungusha wala kusugua mpaka ipotee, ukisugua unasukuma mafuta kwenye vitundu vya vinyweleo na kesho kuna vipele vya usaha, halafu unakuja kuniambia mafuta yana aleji. Ukimaliza ngozi ing'ae. Ikinywa yote ndani ya dakika chache na kurudi kuwa na unga, ongeza.

Kiasi sasa, hapa ndo watu hubisha. Mtoto mwenye tatizo karibu mwili mzima anatakiwa kutumia gramu 250 mpaka 500 kwa wiki. Mtu mzima gramu 500 mpaka 600. Kwa wiki, sio kwa mwezi. Ukiigawa ile gramu 250 kwa mara mbili kwa siku inakuja kama gramu 18 kila unapopaka, ambayo ni vijiko vya chai vitatu mpaka vinne. Mtu mzima ni kama vijiko vinane. Kama ni mikono tu au viwiko tu basi itakuwa kidogo zaidi, lakini lile kopo la gramu 50 liwe la kubeba mfukoni.

Na usipake palipoharibika tu. Pale palipo pazima penye ukavu ndo patakapochanika wiki ijayo.

8. Rudia. Mara mbili kwa siku ndo chini kabisa, ngozi ikiwa mbaya mara tatu au nne. Anayenawa mikono kazini apake kila akinawa. Mtoto wa shule umpakie kikopo kwenye begi na umweleze mwalimu, maana mwalimu akiona mtoto anajipaka mafuta darasani bila kujua sababu atamnyang'anya.

9. Dawa ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kama umeandikiwa. Haidrokotizoni, betamethazoni na wenzake. Paka mafuta, subiri kama nusu saa, halafu paka dawa kwenye sehemu zilizovimba tu. Au anza na dawa, subiri nusu saa, ndo upake mafuta. Mpangilio chagua wewe, muhimu ni ile nafasi katikati, ukivipaka pamoja unaizimua dawa na kuisambaza mpaka kusikohitajika. Kipimo cha dawa ni mstari unaotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kwenye kiungo cha kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

Kuna wanaoiogopa steroidi mpaka wanamwacha mtoto anavuja damu, na kuna wanaoipaka usoni miezi sita kwasababu inang'arisha. Wote wawili wanakosea. Aliyekuandikia kakwambia siku ngapi, fuata hizo siku, na uso una dawa yake ya nguvu ndogo.

10. Vaa pamba. Sweta la shule linachokoza sana, mvalishe fulana ya pamba ndani, yenye mikono mirefu ikiwezekana. Shuka za nailoni toa. Usiku unaweza kumvalisha soksi safi mikononi, atazivua saa nane lakini afadhali hizo saa chache.

11. Ngozi ikitulia usiache. Punguza hadi mara mbili kwa siku na ubaki hapo. Wengi wanaacha ikishakuwa laini, ikirudi wanasema yale mafuta yaliisha nguvu.

Moto, tafadhali soma hii

Mafuta haya yenyewe kwenye ngozi sio petroli, hayalipuki. Hatari iko kwenye kitambaa. Nguo, shuka, bandeji na kanga vilivyonyonya mafuta kwa siku nyingi vikikauka vinashika moto haraka na kuwaka kwa kasi, na haijalishi ni mgando au krimu isiyo na parafini, zote. Uingereza watu wamekufa kwa hili mpaka mamlaka yao ya dawa ikatoa onyo 2018. Na kule wanazungumzia sigara na hita, sisi tuna jiko la mkaa, kibatari, mshumaa umeme ukikatika, na kuni.

Kwahiyo mama uliyepaka mikono mpaka kiwikoni na umevaa dera la mikono mipana, usiiname kwenye jiko. Mtoto aliyepakwa usiku asilale karibu na kibatari au mshumaa. Babu anayevuta sigara kitandani na miguu yake imepakwa mafuta, mwambieni avutie nje. Nguo na shuka fua mara kwa mara kwa maji ya moto, itapunguza mafuta lakini haitayamaliza yote, kwahiyo tahadhari ya moto inabaki palepale hata nguo ikiwa imefuliwa.

Makosa mengine ninayoyaona

Mkorogo. Mtu anaenda duka la vipodozi anachanganyiwa krimu kwenye kopo lisilo na lebo, wiki ya kwanza ngozi inakuwa nzuri ajabu kwasababu ndani mna steroidi kali, baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinajaa, na akiacha inalipuka upya. Baadhi ya hizi zina hata zebaki. Kopo lisilo na lebo usilipake, na kwa mtoto ndo kabisa.

Ndugu yake mkorogo ni zile tyubu za dawa tatu kwa moja, steroidi kali, ya fangasi na antibayotiki pamoja. Zinanunuliwa ka pipi kwasababu "zinatibu kila kitu". Zinachanganya ugonjwa mpaka daktari akimwona mtu hajui alianza na nini.

Kupaka poda juu ya mafuta. Sijui nani alianzisha. Poda inakausha.

Kupaka mafuta katikati ya vidole vya miguu, hasa kwa mwenye kisukari. Pale pakae pakavu, unyevu ukikaa fangasi anajenga.

Kumpaka mtoto mchanga mwenye ngozi nzima kila siku ili asije kupata pumu ya ngozi. Hili lilijaribiwa Uingereza kwa watoto zaidi ya elfu moja, matokeo yakatoka 2020, halikuzuia. Kama ngozi yake haina shida, muache na ngozi yake.

Mbona haifanyi kazi?

*Inachoma kila nikipaka.* Kama ni krimu, jaribu mafuta mazito, yana vitu vichache ndani. Angalia kama kuna yurea au manukato. Kama hata mgando mtupu unachoma zaidi ya dakika kumi, ngozi imewaka sana au ina vijidudu, nenda ukaonwe.

*Vipele vya usaha kwenye vinyweleo.* Unasugua, au unapaka kinyume, au joto limezidi. Hamia kwenye krimu wiki moja mbili, vuta kwenda chini. Visipoisha vinahitaji matibabu.

*Nimepaka wiki mbili kwa kiasi kilichosemwa, ukavu umepungua lakini anawashwa bado.* Hapo mafuta yamefanya sehemu yake. Uvimbe unahitaji dawa. Nenda hospitali upate steroidi inayofaa umri na sehemu, usiongeze kopo la tatu.

*Yalikuwa yanafanya kazi yakaacha.* Jiulize kilichobadilika. Sabuni mpya ya unga, shule imefungua na sweta, mmehamia mtaa wa maji ya kisima, mdogo wake kaanza kutumia kopo hilohilo na linaisha nusu ya muda. Hiyo ya mwisho ni ya kawaida kuliko unavyofikiri. Bweni ndo usiseme, kopo la mgando la gramu 500 bwenini ni mali ya umma, kwahiyo mpe mawili, moja alikabidhi kwa matroni.

*Imeacha madoa.* Madoa meusi au meupe yanayobaki uvimbe ukiisha sio kovu na sio ugonjwa mpya. Yanafifia yenyewe kwa miezi. Usiyafukuze na krimu ya kung'arisha, utaamsha kila kitu upya.

*Hataki kupakwa.* Pasha mafuta kidogo mikononi mwako kwanza, mpe kijiko achote mwenyewe, muache apake mguu mmoja na wewe mwingine. Akikataa mafuta mazito kwasababu yananata, mpe krimu. Kumbuka ule utafiti wa makundi manne, hamna kilichopotea.

*Mambo ya kwenda hospitali leo, sio kesho.* Maji ya njano yanatoka na kuganda, usaha, ngozi ina joto na inauma badala ya kuwasha, homa. Na hii ishike sana: malengelenge madogo yanayofanana, yamejikusanya, yanapasuka na kuacha vidonda vya mviringo vidogo, mtoto ana homa na amelegea. Hao ni virusi vya hepesi vimeingia kwenye pumu ya ngozi, ni dharura hata kama ni usiku, hasa ikiwa karibu na macho. Kwa ile ya muda mrefu isiyotulia omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Muhimbili na Kenyatta kuna kliniki zake, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi tangu 1992. Ukienda beba makopo na tyubu zote unazotumia, hata ule mkorogo, usione aibu kuutoa kwenye mfuko, daktari akijua kilichokuwemo anaokoa muda wa nusu ya maswali.